Marburg ya Biharamulo na Malaria ya Ngara: Ukoo Mmoja wa Vimeng'enya, Maswali Mawili ya Tiba

Tarehe 13 Machi, 2025 ilitangazwa rasmi kwamba mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, umemalizika. Siku 42 zilikuwa zimepita bila mgonjwa mpya, kama utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unavyotaka. Takwimu za mwisho zilikuwa fupi na nzito. Wagonjwa walikuwa 10. Wawili walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wanane walihesabiwa kutokana na dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa wengine, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufariki dunia kabla mlipuko haujathibitishwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao 10 aliyepona.

Mlipuko huo ulitangazwa kwa umma tarehe 20 Januari, 2025 jijini Dodoma na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus. Tangu hapo taarifa za Serikali zilijikita katika mambo ambayo mwananchi alipaswa kuyajua kwa haraka: idadi ya wahisiwa, watu 281 waliotangamana na wagonjwa na kufuatiliwa kwa siku 21, unawaji wa mikono, na makatazo ya kugusa maiti au majimaji ya mwili wa mgonjwa. Swali moja lilibaki pembeni, nalo ndilo ambalo ndugu wa marehemu huuliza kwanza: kwa nini hapakuwa na dawa?

Jibu la swali hilo linaanzia ndani ya seli ya binadamu, kwenye jeni iitwayo PIKFYVE. Jeni hiyo iko katika kromosomu ya pili ya kila mtu, awe mkazi wa Biharamulo au wa Helsinki, na kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha aina ya kinasi ya lipidi. Neno hilo ni geni lakini maana yake si ngumu. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika kipande cha fosfeti juu ya kitu kingine. Kinasi nyingi hubandika fosfeti juu ya protini. Kinasi za lipidi hubandika juu ya chembe za mafuta zilizomo katika utando wa seli, na fosfeti hiyo hugeuka kuwa alama inayosomwa na protini nyingine: mzigo huu upelekwe wapi, mfuko huu uungane na upi, mlango huu ufunguliwe au ufungwe.

Msafiri wa barabara ya kuelekea mpaka wa Rusumo anaufahamu utaratibu wa namna hiyo. Lori lililopakia mzigo wa kwenda Kigali linapita Nyakanazi, linafika Lusahunga, linaingia Ngara, na kila linaposimama nyaraka zake zinagongwa mhuri. Mhuri wa kituo cha kwanza pekee haulivushi mpaka. Seli nayo hufanya hivyo. Kitu kinapomezwa kutoka nje huwekwa ndani ya kifuko kidogo. Kinasi moja, itokanayo na jeni ya PIK3C3, hugonga mhuri wa kwanza juu ya mafuta ya kifuko hicho. Kisha kimeng'enya cha PIKFYVE hugonga mhuri wa pili juu ya ule wa kwanza. Kifuko chenye mihuri yote miwili ndicho kinachoweza kuendelea na safari hadi kwenye vyumba vya ndani vya seli, ambako vitu vilivyomezwa humeng'enywa.

Virusi vya Marburg husafiri ndani ya lori hilo. Havitoboi ukuta wa seli kwa nguvu, bali hukubali kumezwa. Ndani ya kifuko, vimeng'enya vya seli yenyewe hukatakata protini ya nje ya kirusi, na kirusi kinapofika katika vyumba vya ndani kabisa hukutana na protini iitwayo NPC1. Watafiti waligundua mwaka 2011 kwamba protini hiyo ndiyo komeo ambalo virusi vya jamii ya Ebola na Marburg hulifungua ili vinasaba vyao viingie katika seli na kuanza kuzaliana. Kwa maneno mengine, kirusi kinahitaji kufika mwisho wa safari. Lori likizuiwa njiani, mzigo haufunguliwi.

Hapo ndipo jeni ya PIKFYVE inapoingia katika mjadala wa tiba. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonesha kwamba apilimodi, dawa inayozima kimeng'enya hicho, huzuia virusi vya Ebola na pia virusi vinavyotumia protini ya nje ya Marburg kuingia ndani ya seli. Virusi vilimezwa kama kawaida, lakini havikufika penye NPC1. Apilimodi haikubuniwa kwa ajili ya Marburg. Ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa binadamu dhidi ya magonjwa mengine, yakiwemo ya uvimbe wa matumbo na baridi yabisi, na haikuonesha manufaa yaliyotarajiwa. Haikuwa hadi mwaka 2013 ambapo ilifahamika kwamba mlengwa wake halisi ni PIKFYVE.

Mvuto wa njia hii ni wa wazi. Dawa inayolenga kirusi hukabiliwa na hatari ya kirusi kubadilika na kuikwepa. Dawa inayolenga kimeng'enya cha binadamu hulenga kitu ambacho kirusi hakina mamlaka ya kukibadilisha, na kwa kuwa virusi kadhaa hutumia barabara hiyohiyo, dawa moja ingeweza kufaa kwa zaidi ya ugonjwa mmoja. Kwa eneo kama Kagera hilo si jambo dogo. Mkoa huo ulipata mlipuko wake wa kwanza wa Marburg mwezi Machi 2023, uliosababisha vifo 6 kati ya wagonjwa 9, na haikupita hata miaka miwili kabla ya Biharamulo. Katikati ya milipuko hiyo miwili, nchi jirani ya Rwanda nayo ilipambana na ugonjwa huo kuanzia mwezi Septemba hadi Desemba 2024.

Hata hivyo, kizuizi chake ni cha wazi vilevile. Barabara inayofungwa ni ya mwili wenyewe. Seli isiyo na kimeng'enya cha PIKFYVE hujaa mapovu makubwa yanayoonekana kwa darubini, kwa sababu vifuko vyake vimekwama njiani. Watu wachache duniani huzaliwa na hitilafu katika nakala moja ya jeni hiyo. Wao hupata madoa madogo kwenye kioo cha jicho ambayo kwa kawaida hayawaharibii uwezo wa kuona, ishara kwamba nakala moja nzima yatosha kuendeshea maisha. Lakini kuzima nakala zote mbili kwa dawa, kwa siku kadhaa, katika mwili wa mgonjwa ambaye tayari ini na mishipa yake ya damu vimeshambuliwa, ni suala jingine kabisa. Matokeo ya bakuli la maabara hayajageuka kuwa tiba, na mwananchi atakayesikia kwamba "dawa ya Marburg imepatikana" kwa msingi wa tafiti hizi anapaswa kuelewa umbali uliobaki.

Inafaa hapa kulitazama kwa makini suala la Rwanda, kwa kuwa limezungumzwa sana na mara nyingine kwa haraka mno. Rwanda ilikuwa na wagonjwa 66, wakafariki 15. Biharamulo wagonjwa 10, wakafariki wote. Baadhi ya watu wamezisoma takwimu hizo kama mizani ya ubora wa huduma kati ya nchi mbili. Usomaji huo unakosea. Rwanda wagonjwa wengi walikuwa watumishi wa afya wa hospitali za Kigali, waliogunduliwa mapema, wakapewa maji ya mishipa, huduma ya wagonjwa mahututi na dawa za majaribio, ikiwemo remdesiviri na kingamwili zilizotengenezwa maabara. Biharamulo wanane kati ya 10 walikuwa wamezikwa kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Hakuna dawa, iwe ya kulenga PIKFYVE au nyingine yoyote, ambayo ingewafikia. Kilichokosekana kwa wale wanane kilikuwa utambuzi, na kuhusu hilo vijiji vya Biharamulo na Ngara vina adui mmoja mkubwa anayeuficha ugonjwa adimu nyuma ya ugonjwa wa kila siku. Adui huyo ni malaria.

Homa, maumivu ya kichwa, uchovu, kutapika, kuharisha. Siku za mwanzo za Marburg zinafanana na malaria kiasi kwamba hakuna tabibu anayeweza kuzitenganisha kwa macho. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria wa mwaka 2007/08, takribani asilimia 41 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani humo walikuwa na vimelea. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi takribani asilimia 18, hatua kubwa, ingawa bado ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa kitaifa wa asilimia 8.1. Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye Marburg anaweza kabisa kuwa pia na vimelea vya malaria, kipimo cha haraka kikaonesha mistari miwili, akapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Kipimo hakijakosea. Kimejibu swali kililoulizwa, nalo ni kama malaria ipo, si kama Marburg haipo.

Na malaria yenyewe, upande wa Ngara, imeanza kubadilika kwa namna inayourudisha mjadala kwenye ukoo uleule wa vimeng'enya.

Mwaka 2021 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kupitia mradi wa ufuatiliaji wa vinasaba vya malaria unaoongozwa na Dkt. Deus Ishengoma, ilikusanya matone ya damu katika mikoa 13. Katika sampuli 649 za Kagera zilizosomwa, 50, sawa na asilimia 7.7, zilikuwa na vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kelch13. Sampuli zote hizo 50 zilitoka katika wilaya tatu zinazopakana na Rwanda: Karagwe 31 kati ya 136, Kyerwa 17 kati ya 118, na Ngara 2 kati ya 144. Mwaka uliofuata utafiti wa tiba uliofanyika Karagwe ulithibitisha kwamba badiliko hilo linaambatana na ukinzani wa sehemu dhidi ya artemisinini. Vimelea vyenye R561H hufa polepole, kiasi kwamba baadhi ya watoto walikuwa bado navyo siku ya tatu ya matibabu. Watoto hao hata hivyo walipona. Uponaji kwa dawa mseto ulibaki juu ya asilimia 90, kiwango ambacho WHO hukitumia kuamua kama dawa ibadilishwe.

Sampuli mbili kati ya 144 ni asilimia 1.4. Mtu anaweza kuiona takwimu hiyo kuwa ndogo, na kwa tiba ya leo kweli ni ndogo. Umuhimu wake uko katika ramani. Badiliko la R561H lilionekana nchini Rwanda katika sampuli zilizokusanywa tangu mwaka 2014 na kuripotiwa mwaka 2020, na uchunguzi wa vinasaba ulibainisha kwamba lilizuka hukohuko, halikuletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ngara inapakana na Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga. Mbu hahitaji hati ya kusafiria, na dereva wa lori au mchuuzi wa ndizi mwenye vimelea damuni naye haoneshi dalili kila mara.

Namna kelch13 inavyomwezesha kimelea kustahimili dawa imechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti waliochapisha katika jarida la Nature walitoa maelezo yaliyovuta hisia za wengi: artemisinini huzima kinasi ya lipidi ya kimelea, ndugu wa karibu wa ile inayotokana na jeni ya PIK3C3 ya binadamu, iliyotajwa hapo juu kuwa mgonga mhuri wa kwanza. Protini ya kelch13 iliyo salama husaidia kinasi hiyo ivunjwe pale isipohitajika. Ikibadilika, kinasi hujikusanya, mihuri ya mafuta huongezeka, na kimelea hustahimili dawa. Tafiti za baadaye zimeweka mkazo zaidi mahali pengine, kwamba vimelea vilivyobadilika humeza hemoglobini kidogo, na kwa kuwa artemisinini huamshwa na mabaki ya hemoglobini, dawa hukosa cheche ya kuiwasha. Maelezo haya mawili hayapingani moja kwa moja, kwani umezaji wa hemoglobini nao ni safari ya vifuko. Ila mizani ya ushahidi kwa sasa imeelemea upande wa hemoglobini, na si haki kumweleza msomaji kwamba jambo la kinasi limekwisha kuamuliwa.

Ukoo huohuo umetumika pia kama shabaha ya dawa mpya. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Cape Town, kupitia kituo cha H3D chini ya Profesa Kelly Chibale, kilitangaza kiambata kilichopewa namba MMV390048, kinachozima kinasi nyingine ya lipidi ya kimelea iitwayo PI4K. Kilikuwa na sifa ya kushambulia kimelea katika ini, katika damu na katika hatua ya kuambukiza mbu. Kilifika hadi majaribio kwa wagonjwa nchini Ethiopia, kisha uendelezaji wake ukasitishwa kabla ya kuwa dawa. Ugumu wa shabaha hii unafanana na ule wa PIKFYVE ukiugeuza. Binadamu naye ana kinasi ya aina hiyo, itokanayo na jeni ya PI4KB, hivyo mtafiti wa dawa hizi analazimika kutafuta chembe itakayomzima kimelea na kumwacha jirani yake bila madhara. Kwa Marburg shida ni kwamba shabaha ni ya binadamu. Kwa malaria shida ni kwamba shabaha ya kimelea inafanana mno na ya binadamu.

Kwa hiyo Ngara na Biharamulo zinabaki kutegemea kilichopo mkononi. Tanzania Bara imewahi kupita njia hii. Klorokwini iliondolewa mwaka 2001 baada ya kushindwa, ikafuatwa na SP, ambayo nayo ilidumu kwa takribani miaka mitano tu kama dawa ya mstari wa kwanza kabla ya dawa mseto ya ALu kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. ALu imefanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyodumu SP kwa sababu ina silaha mbili. Artemeta huua vimelea vingi kwa haraka, lumefantrini humaliza waliobaki. R561H imeanza kuipunguzia makali silaha ya kwanza. Endapo vimelea vitaanza kuikwepa na ya pili, hali itakuwa tofauti kabisa. Mkakati wa WHO kwa Afrika uliozinduliwa mwezi Novemba 2022 unapendekeza, pamoja na mengine, ufuatiliaji wa karibu zaidi wa vinasaba na matumizi ya aina zaidi ya moja ya dawa mseto, ili vimelea visizoee dawa moja.

Kwa mkazi wa kijiji, suala hili lote linajidhihirisha katika siku tatu. ALu humezwa mara sita: dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vibaya tumboni penye njaa. (Mafuta tena, ingawa safari hii ni ya kikaangoni.) Mgonjwa anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka huwaachia nafasi wale vimelea wa polepole, na wa polepole ndio wenye R561H.

Mgonjwa ambaye homa haijashuka baada ya siku hizo tatu ana uzito wa pekee katika wilaya hizi mbili. Huenda dozi haikumezwa ipasavyo. Huenda ana vimelea vyenye ukinzani. Huenda ugonjwa si malaria pekee, na hasa kama amewahi kumuuguza mtu aliyefariki ghafla, amehudhuria mazishi yake, au ameingia katika pango lenye popo walao matunda, ambao ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg kwa asili. Kwa hali zote tatu hatua ni ileile: kurudi kituoni bila kununua dozi nyingine dukani, kumweleza mtoa huduma historia yote, au kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Mtoa huduma naye, aonapo mistari miwili kwenye kipimo, anapaswa kuuliza maswali hayo kabla ya kugusa damu ya mgonjwa mwingine.

Tone la damu la mgonjwa huyo likikaushwa juu ya karatasi ya sampuli, linaweza kufika katika maabara ambako jeni ya kelch13 ya kimelea husomwa herufi kwa herufi. Mwaka 2021 karatasi 144 za Ngara zilisomwa na mbili zikaonesha badiliko. Hesabu ya kulinganisha nayo itatoka kwenye vituo vilevile, kwa wagonjwa waliorudi.